Nani Ampishe Mwenziwe Njiani?

Watu wawili wakutana katika njia nyembamba ya msituni. Mmoja akimbia kwa miguu, wa pili yu juu ya baiskeli. Njia haiwatoshi wote wawili kwa pamoja. Je, ni nani ampishe mwenziwe?

Swali hili laonekana dogo, na pengine msomaji atastaajabu kulikuta katika ukurasa huu. Lakini sisi twaona kwamba mambo makubwa hujifunzwa kwanza katika mambo madogo. Mtu asiyejua kumpisha mwenziwe penye njia hatajua kumpisha penye mali wala penye madaraka. Tena siku hizi swali lenyewe limekuwa la kila juma. Katika miji yetu watu wanaopenda kukimbia kwa ajili ya afya wameongezeka, na wanaopenda baiskeli za milimani, zile zenye magurudumu mapana ya kushika udongo, wameongezeka pia. Wote wawili watafuta kitu kilekile, yaani hewa safi, kivuli, na njia isiyo na magari. Basi hapana budi wakutane.

Na tuchukue mfano wa msitu wa Karura, ulio ndani ya jiji la Nairobi. Msitu huo una eneo la hekta zipatazo 1,041, nao ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Mwezi wa Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche humo, wakashambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikawafungulia wananchi mlango wa kushirikiana na serikali katika kutunza misitu, na leo Karura ina makumi ya kilomita za njia, ambazo wakimbiaji, watembeaji, wapanda baiskeli na wazazi wenye watoto huzitumia.

Twayakumbusha hayo kwa sababu moja. Watu walioumia kwa ajili ya msitu ule hawakuumia ili kundi moja la wananchi liwanyang'anye wengine. Uliokolewa uwe wa wote. Na kitu cha wote kina hatari yake: yule mwenye nguvu zaidi aweza kukifanya chake mwenyewe bila kuandika hati wala kujenga ukuta. Yatosha apite kwa namna ambayo wengine hawatathubutu kupita.

Tusikilize kwanza madai ya kila upande, maana si haki kumhukumu mtu kabla hajasema.

Mkimbiaji husema: "Miguu ilikuwapo kabla ya baiskeli. Njia hii ilikanyagwa na watu waendao kwa miguu. Huyu mwenye magurudumu ni mgeni, basi na anipishe." Hoja hiyo ina ladha ya kweli, lakini haitoshi. Kama haki ya njia ingekuwa ya aliyetangulia, basi sisi sote ingetupasa kuwapisha kima na funo, ambao walikuwamo msituni kabla yetu. Kutangulia peke yake hakumpi mtu haki ya kumzuia mwenziwe aliyeingia kwa halali.

Mpanda baiskeli naye husema: "Mimi pia nimelipa kiingilio. Tena ni vigumu kwangu kusimama ghafula, na huyu wa miguu aweza kusogea kando kwa hatua moja. Basi na asogee yeye." Hoja hiyo nayo ina ukweli kiasi. Lakini itazame vizuri. Asemaye kwamba ni vigumu kwake kusimama amekwisha kukiri kwamba anakwenda kasi kuliko inavyofaa mahali pale. Ugumu wa kusimama ni sababu ya kupunguza mwendo, wala hauwezi kuwa sababu ya kudai njia.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mpanda baiskeli aendaye kilomita 24 kwa saa hupita karibu mita 7 katika kila sekunde. Mkimbiaji wa kilomita 12 kwa saa hupita mita 3 na kitu. Wakielekeana, nafasi iliyo kati yao hupungua kwa mita 10 kila sekunde. Penye kona ambapo jicho halioni zaidi ya mita 20, wana sekunde mbili tu tangu kuonana hata kugongana. Na sekunde ya kwanza karibu yote huishia katika kushtuka na kuitafuta breki. Tena nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Chuma cha baiskeli nacho hakina huruma kama mwili wa mtu.

Hapa ndipo twaliona jibu la msingi. Wajibu wa kujihadhari humwangukia kwanza yule awezaye kumdhuru mwenziwe zaidi. Hatusemi hivyo kwa kuwa yeye ni mbaya, wala kwa kuwa alichelewa kufika. Twasema hivyo kwa kuwa nguvu imo mikononi mwake, na mwenye nguvu ndiye mwenye deni. Sheria ya mashambani ya Uingereza ya mwaka 1968 ilipowaruhusu wapanda baiskeli kutumia njia za farasi, iliweka sharti papo hapo kwamba wawapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, kilichoundwa Marekani mwaka 1988, nacho huwafundisha wanachama wake kanuni hiyohiyo: mwenye baiskeli ampishe mwenye miguu, na ateremkaye ampishe apandaye. Na watu wa pwani yetu waliolelewa katika adabu ya Kiislamu wajua tangu utotoni kwamba aliyepanda mnyama ndiye aanzaye kumsalimu aendaye kwa miguu. Aliye juu aanze kushuka. Watu wa nchi mbalimbali na dini mbalimbali wamefikia neno moja.

Wajibu huo ukisahauliwa, mwisho wake wajulikana. Mchezo wa baiskeli za milimani ulikua katika miaka ya 1970 kwenye miteremko ya mlima Tamalpais, katika jimbo la California. Kuanzia mwaka 1976 vijana walishindana huko kuteremka kwa kasi kubwa. Watembeaji na wapanda farasi wakalalamika, magomvi yakazidi, na wenye mamlaka wakaingilia kati. Baiskeli zikafungiwa vijia vingi vyembamba, zikaachiwa barabara pana za kuzimia moto, na mwendo ukawekewa mpaka wa maili 15 kwa saa, na maili 5 penye kona zisizoonekana mbele. Mahali mchezo ulipokulia ndipo ulipofungwa kamba mapema. Mahali adabu inapokosekana, sheria huja kukaa katika kiti chake. Na sheria haijui kumtofautisha mpanda baiskeli mwungwana na mhuni.

Basi, kumpisha mtu ni kufanya nini hasa? Wengi wadhani kwamba kupiga kengele kumetosha. Hilo ni kosa, nasi twapenda kulieleza kwa desturi yetu wenyewe. Mtu akifika mlangoni pa mwenziwe hupiga hodi. Hodi si amri. Apigaye hodi husimama, akangoja kusikia "karibu." Asipojibiwa hupiga tena, na hata mara ya tatu; asipojibiwa kabisa huenda zake. Yule ambaye hupiga hodi huku akisukuma mlango hajapiga hodi. Amevunja nyumba kwa kelele.

Na kengele ya baiskeli ni hodi. Apigaye kengele nyuma ya mkimbiaji huku mwendo wake ukiwa uleule hajaomba njia, ameamuru. Kengele ya haki hupigwa mbali, pamoja na kushika breki. Kisha mpandaji hungoja mpaka aone kwamba amesikiwa. Akiisha kupishwa, hupita polepole, husema "asante," na kama yuko na wenziwe huwaambia walio mbele kwamba wawili au watatu wafuata nyuma. Hayo yote yatachukua muda mfupi sana.

Lakini hodi yataka mwenye nyumba awe na masikio. Mkimbiaji aliyejiziba masikio yote mawili kwa muziki amemwondolea mwenziwe njia ya pekee ya kumwomba kwa adabu. Hawezi kulalamika kwamba alishtushwa, kwa maana alijifungia mlango na kutupa ufunguo. Na asikie basi kwa sikio moja walau. Tena wako wakimbiaji waendao wanne kwa safu moja, wakaijaza njia kama ng'ombe waendao mtoni. Wako wasimamao katikati ya kona kufunga kamba za viatu, na wageukao ghafula kurudi walikotoka bila kutazama nyuma. Aliye dhaifu hakosi wajibu kwa sababu ya udhaifu wake. Wajibu wake ni kuonekana, kusikia, kushika upande wake wa kushoto kama ilivyo desturi ya barabara zetu, na kutofanya jambo ambalo mwenziwe hawezi kulitazamia.

Hapo tumemaliza habari ya haki. Yabaki habari iliyo juu ya haki. Chukua mpanda baiskeli anayeupanda mlima mkali, jasho likimtoka, na mkimbiaji ateremkaye kumwelekea. Kwa kanuni mkimbiaji hana deni. Mwenye baiskeli ndiye apaswaye kusimama. Lakini mkimbiaji ajua kwamba mwenziwe akisimama penye mwinuko ule hataweza kuanza tena kwa urahisi, na kwamba yeye mwenyewe apoteza hatua moja tu akisogea kando. Afanyeje? Twasema, asogee. Asogee kwa hiari, si kwa kulazimishwa, maana anachokitoa ni zawadi. Uungwana ni vitendo, na uungwana huanza pale mtu anapotoa asichodaiwa.

Ila tuangalie sana hapo. Zawadi haidaiwi. Mpanda baiskeli aliyepishwa jana asije leo akasema, "Desturi yenu ni kunipisha." Wengi huharibu wema wa wenzao kwa kuugeuza kuwa kodi. Mwenye nguvu na akumbuke daima deni lake. Mwenye haki na awe mwepesi kuisamehe. Kila mmoja ajihesabie wajibu wake mwenyewe, wala asishike daftari la wajibu wa mwenziwe. Mkianza kuhesabiana, njia hata iwe pana kama uwanja haitawatosha.

Wako watakaotujibu kwamba furaha ya baiskeli ni kasi, na kwamba sisi twataka kuiua. Hapana. Vijana na wafurahi. Lakini kasi ina mahali pake na saa yake: penye njia pana inayoonekana mbali, au alfajiri watu wakiwa wachache, au katika njia zilizotengwa kwa kazi hiyo. Wengine watasema dawa ni kila kundi lipewe njia zake. Penye watu wengi na miteremko ya mbio, hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini kila njia mpya hukatwa ndani ya miti ileile iliyookolewa kwa shida. Na hata njia zikitengwa, zitakutana mahali fulani, penye daraja au penye lango. Adabu itahitajika palepale.

Mwisho twataka kumtaja mtu ambaye husahauliwa katika mabishano haya. Ni bibi mzee aliyeambiwa na daktari atembee kila asubuhi, au baba aliyemshika mkono mtoto wa miaka mitatu. Siku moja baiskeli yampita kwa kasi, pumzi moja tu kutoka begani. Hagongwi. Haanguki. Hapana askari wa msitu aitwaye, wala taarifa iandikwayo. Lakini juma linalofuata haji, wala juma la baadaye. Ajali huandikwa katika vitabu, hofu haiandikwi. Mpanda baiskeli yule atasema kwa moyo safi kwamba hajamdhuru mtu yeyote tangu aanze kupanda, na hatajua kamwe ni watu wangapi aliowafukuza msituni.

Kwa hiyo twawasihi wapanda baiskeli wasijipime kwa idadi ya watu waliowagonga, bali kwa idadi ya watu ambao, baada ya kupitwa nao, wangali wakitembea kwa raha. Nanyi wakimbiaji, fungueni masikio na mshike upande wenu. Na wote wawili, mkikutana penye njia nyembamba, salimianeni kwanza. Waliokwisha kusalimiana ni vigumu kugombea njia.