Sarafu Hewani: Uthabiti wa Mhusika katika Kipindi cha Mwisho cha JAG

Tarehe 29 Aprili 2005, tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo JAG ilifikia tamati baada ya miaka kumi. Ilihusu mawakili wa jeshi la majini, na ofisi yao katika hadithi ilikuwa Falls Church, Virginia, mji mdogo ulio jirani na Washington. Katika kipindi hicho cha mwisho Harmon Rabb anapangiwa kituo London, naye Sarah MacKenzie anapangiwa San Diego. Wanakubaliana kuoana; hivyo mmoja wao lazima aiache kamisheni yake ili amfuate mwenzake. Nani? Wanaamua kurusha sarafu. Picha inaganda sarafu ikiwa bado hewani, na hadithi inaishia hapo.

Je, hawa ni wahusika walewale? Kwa miaka mingi walipima ushahidi na kukataa hukumu isiyo na hoja. Sasa jambo zito kuliko yote maishani mwao wanaliachia bahati.

Katika sura ya 15 ya Poetics, Aristotle aliutaja uthabiti kuwa mojawapo ya masharti ya mhusika, akaongeza kwamba hata asiye thabiti yampasa kuwa hivyo kwa uthabiti. Fasihi ya Kiswahili inatupa mizani mbili za kulipimia sharti hilo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na sifa anazoingia nazo barazani ndizo anazotoka nazo. Jina lake ni ahadi ambayo mwandishi anaitimiza. Rosa, katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), anageuka tabia baada ya kutoka chini ya mkono wa baba mkali, lakini mgeuko huo una mbegu yake katika ukali uleule. Kwa mizani ya kwanza, uthabiti ni kutenda yaleyale. Kwa ya pili, ni tendo jipya kuwa na mzizi wa zamani.

Kwa mizani ya kwanza, Rabb anaanguka. Mwaka 2003, MacKenzie alipokuwa hatarini nchini Paraguay, Rabb alijiuzulu kamisheni yake ili aende kumwokoa. Aliyekwisha kutoa kitu hicho kwa ajili ya mtu huyo anahitaji sarafu ya nini?

Hata hivyo, matendo hayo mawili hayafanani. Penye hatari moyo hujiamulia wenyewe. Hakuna nafasi ya kuuliza nani atamdai nani. Ndoa ni jambo la siku zote, na kafara inayotolewa mtu akiwa ametulia huweza kugeuka deni. Kiswahili kina neno kwa deni la aina hiyo linapoanza kudaiwa: masimango. Anayeacha kazi kwa hiari yake anaweza siku moja, katikati ya ugomvi wa kawaida, kukumbusha alichokiacha. Anayeiacha kwa kushindwa na sarafu hana wa kumsimanga. Kwa maana hiyo sarafu inawalinda wote wawili, na kila mmoja anaikubali kwa kuwa anamheshimu mwenzake kiasi cha kutotaka kumfanya mdeni.

Lakini sarafu ina mzizi mwingine, tena wa ndani zaidi. Afisa wa jeshi haendi anakotaka, huenda anakopangiwa. Rabb na MacKenzie wamezoea maamuzi makubwa ya maisha yao yatoke juu, yakiwa yameandikwa na kutiwa saini. Siku ambayo hakuna mkuu wa kuwaamrisha, wanamtengeneza mkuu wao kwa kipande cha chuma. Kwa mizani ya pili, basi, kipindi hakikuwasaliti wahusika wake. Kimewafichua.

Hapo ndipo uhakiki unapokutana na maadili. Uthabiti wa mhusika ni sifa ya usanii. Hauthibitishi kwamba alilotenda lilikuwa jema. Mtu anaweza kuwa thabiti katika udhaifu wake, na mtazamaji akasadiki kila hatua, huku akijua kwamba palikuwa na njia bora. Njia hiyo wawili hawa waliijua kuliko watu wengi. Kazi yao katika tamthilia ilikuwa kushtaki leo na kutetea kesho, yaani kuusemea upande wowote waliokabidhiwa. Rabb angeweza kuitetea kazi ya MacKenzie, naye MacKenzie akaitetea ya Rabb, kila mmoja akieleza kwa sauti thamani ya kile ambacho mwenzake angekiacha.

Familia nyingi za Afrika Mashariki katika vitongoji vya Virginia na Maryland zinalifahamu swali hili bila kufundishwa na televisheni: nani aache kazi, nani amfuate nani, nani abaki na wazazi nyumbani. Mara nyingi sarafu yao ni barua ya viza au mkataba wa ajira, na baadaye husemwa kwamba ndivyo ilivyotokea. Husemwa hivyo ili pasiwe na wa kulaumiwa. Lakini panapokosekana wa kulaumiwa hukosekana pia wa kushukuriwa, na aliyeacha kitu chake huishi bila kusikia kwamba kilikuwa na thamani.