Mbegu ya Nani?

Mwezi wa Shaaban shemeji yangu, mume wa mtoto wa khalati yangu, alinipigia simu usiku kutoka Kibuli. Kwa kuwa nasomea udaktari, jamaa hudhani nina majibu ya kila kitu. Wana miaka saba ya ndoa bila mtoto, na miaka sita kati ya hiyo ni mkewe aliyezungushwa kwa madaktari na waganga. Yeye alipokubali hatimaye kupimwa, manii yake hayakuonekana na mbegu hata moja. Kliniki ikawapa njia: mbegu za mtu mwingine anayefanana naye, na jambo libaki siri.

"Kwani si dawa tu?" akaniuliza.

Ndugu zangu, swali hilo tusilicheke. Kazi yenyewe ni nyepesi. Manii huoshwa maabara, mbegu zenye nguvu hutengwa, kisha hutiwa katika tumbo la uzazi kwa mrija mwembamba wakati yai limekomaa. Ni dakika chache. Mbegu zikiwa za mume na ndoa ikiwa hai, wanazuoni wengi wameruhusu: Dar al-Ifta ya Misri ilitoa fatwa mwaka 1980, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi likapitisha hivyo Amman mwaka 1986. Mume akifa, ruhusa imekwisha, hata kama mbegu zake zimegandishwa.

Za mtu mwingine, wanazuoni wa Kisunni wamezikataa. Nilizoea kusema "haramu" na kufunga kitabu, lakini kwa mtu anayelia kwenye simu sikuweza kuishia hapo.

Nilimwambia afikirie mtoto. Mume ameridhia, mke ameridhia, mwenye mbegu ameridhia, daktari amelipwa. Atakayeishi na jambo hili maisha yake yote hakuulizwa. Najua, hakuna anayeulizwa kabla ya kuzaliwa. Lakini kutoulizwa ni kitu kimoja na kudanganywa ni kingine. Ataitwa kwa jina la asiye baba yake, atachukua mirathi isiyo yake, na huenda akakutana na dada yake Kampala hiihii, akampenda na kumposa.

Wengine watasema: basi aambiwe ukweli. Hiyo ni bora, ila nasaba haibadiliki kwa kukiri. Mtume (s.a.w.) alimlea Zayd na watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Ilipoteremka aya ya Surat al-Ahzab, akarudi kuitwa bin Haritha. Mapenzi hayakupungua hata kidogo, jina tu ndilo lililorudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo nikamtajia kulea yatima, bila kumwita mwanawe wa damu.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Na mke wangu? Yeye mzima. Nimfunge kwangu mpaka azeeke?"

Hapo nilikosa jibu zuri, na mpaka leo sinalo. Mke ana haki ya kutaka mtoto, na yeye hakufanya kosa lolote. Nikamuuliza kama mama yake ameshayajua majibu ya maabara. Hajayajua. Nikamwambia aanzie hapo.

Ramadhani nilifuturu kwao. Baada ya Maghrib mama mkwe alitoa chupa ya mizizi aliyoichemsha mwenyewe, akampa mkamwana. Shemeji alikuwa akiitazama sahani yake.