Je, Aliyezama Katika Sonona Ana Kosa?

Mtu akivunjika mguu, majirani humletea kuni na uji, wala hakuna amwulizaye kwa nini hatembei. Lakini mama akishindwa kuinuka kitandani majuma matatu, usingizi umemtoka, chakula hakimpendezi, na watoto wake mwenyewe awatazama kama watu wa mbali, twasema nini? Twasema ni mvivu. Twasema hana imani, au kuna neno baya alilolitenda kwa siri. Ugonjwa huo huitwa sonona, nao si ile huzuni ya msiba ambayo kila mwanadamu huijua.

Kwa miaka mingi watu wema walimtetea mgonjwa huyo kwa hoja moja: si kosa lake, ubongo wake umepungukiwa na serotonini, yaani kemikali mojawapo ambayo chembe za neva huitumia kupelekeana habari. (Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili haimo kichwani hata kidogo, imo tumboni.) Hoja hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya, iproniazidi, na wengi waliokuwa wanyonge wakachangamka ajabu. Baadaye ikajulikana kwamba dawa hiyo huzuia serotonini na kemikali za jamii yake zisivunjwe. Mwaka 1987 Marekani ikaruhusu fluoksetini, ambayo huifanya serotonini ikae zaidi kati ya chembe za neva. Basi watu wakakata shauri: ikiwa dawa yaongeza serotonini na mgonjwa apata nafuu, ugonjwa ni upungufu wa serotonini.

Hoja hiyo ina kasoro. Nyumba iwakayo huzimwa kwa maji, lakini haikuungua kwa kukosa maji. Tena dawa hizo huanza kuigusa serotonini ndani ya saa chache tu, na mgonjwa hungoja majuma kadhaa ndipo aone nafuu. Mwaka 2022 wataalamu walioongozwa na Joanna Moncrieff wa London walipitia utafiti wa miaka mingi, wasione ushahidi thabiti kwamba sonona hutokana na upungufu huo. Wenzao kadhaa wamewapinga.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Ikiwa tulimwondolea mgonjwa lawama kwa ajili ya serotonini, je, hoja ya serotonini ikianguka, lawama imrudie? Wapo wasemao hivyo: "Kumbe hakupungukiwa na kitu, basi ajikaze." Sisi twaona kwamba utetezi huo ulitundikwa mahali pasipofaa tangu mwanzo. Mtu hulaumiwa kwa alilolitaka. Sonona hakuna aitakaye, iwe imetokana na ukoo, na kufiwa, na kujifungua, na mateso ya utotoni, au na hayo yote pamoja. Laveran aliviona vimelea vya malaria katika damu mwaka 1880. Je, waliotetemeka kwa homa kabla ya mwaka huo walikuwa wakijisingizia? Hata Katekisimu ya Kanisa, inaposema juu ya wajiuao, yakiri kwamba matatizo mazito ya nafsi yaweza kupunguza lawama ya mtu, wala haitaji kemikali yoyote.

Hatusemi kwamba mgonjwa hana wajibu. Anao wajibu wa kukubali kusaidiwa. Lakini mara nyingi ugonjwa huu humnyang'anya hata nguvu za kuomba msaada, na hapo wajibu huwaangukia watu wa nyumbani mwake: kumpeleka kwa daktari, kukaa naye, kumlisha.

Na yule ambaye tayari anatumia dawa asiziache ghafla kwa kusikia habari za mabishano haya. Dawa hizo huwafaa wagonjwa wengi, ingawa si wote, na kuziacha kwa siku moja kwaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, tena ugonjwa wenyewe ukarudi. Akitaka kuziacha, azipunguze polepole, daktari akimwangalia.