Mikia ya Manyani Ilikwenda Wapi?

Ukimpelekea mchapishaji mswada wenye majini, mizimu na nchi zisizokuwepo kwenye ramani, swali lake la kwanza huwa si kama hadithi ni tamu. Huuliza, "Hiki ni cha umri gani?" Simlaumu. Kwetu huku soko kubwa la vitabu ni shule, na kitabu kisicho na darasa lake hukaa stoo kikiliwa na mchwa. Ila swali lenyewe humfanya mwandishi adhani kwamba watoto wana maajabu yao na wakubwa wana yao, na hapo mimi nakataa.

Mwaka 1936 mchapishaji mmoja wa London, Stanley Unwin, alimpa mwanawe Rayner mswada wa The Hobbit wa J.R.R. Tolkien ausome na kutoa maoni. Mtoto alikuwa na miaka 10, na ujira wake ulikuwa shilingi moja. Aliusifu, akasema utawafaa watoto wa miaka mitano hadi tisa. Miaka 10 tu, na keshajitoa kwenye kundi la watoto! Kitabu kikatoka 1937, kikapendwa, Tolkien akaombwa mwendelezo. Mwendelezo ukamkulia mikononi. Ulipotoka mwaka 1954 na 1955, katika juzuu tatu nene, haukuwa tena wa mtoto wa miaka tisa, na aliyeusimamia hadi ukachapishwa, huku akijua kampuni ya baba yake huenda ikala hasara, ni Rayner yuleyule, sasa mtu mzima.

Kinachonivutia hapo ni pete. Katika kitabu cha kwanza ni pete ya kumfaa mtu: unaivaa, huonekani, unawaponyoka maadui. Katika cha pili ni pete ileile, na bado humficha anayeivaa, lakini sasa inamla taratibu kutoka ndani. Ajabu halikubadilika, kilichopanda ni gharama yake.

Shaaban Robert alizikusanya gharama zote mbili, ndogo na kubwa, ndani ya kitabu kimoja chembamba, Adili na Nduguze, kilichotoka 1952. Adili anaishi na manyani wawili. Kila usiku huwachapa huku akilia, kisha huwalisha. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, waliomtosa baharini kwa wivu, na jini ndiye aliyewageuza na kuamuru wachapwe.

Niliwahi kuisimulia nyumbani baada ya chakula cha jioni, vyombo vikiwa bado mkekani. Mpwa wangu wa darasa la pili alisikiliza mpaka manyani waliporudi kuwa watu, akauliza, "Mjomba, mikia yao ilikwenda wapi?" Tulicheka, yeye hakucheka, alitaka jibu. Dada yake wa kidato cha pili alikuwa ameshakasirika tangu mwanzo: Adili alishindwa nini kukataa kuwachapa? Mama yangu alikuwa amenyamaza muda wote akikunja ukili wake. Baadaye sana, watoto wakiwa wamehamia kwenye mambo mengine, aliuliza kama mama wa wale watatu alikuwa hai.

Sijui mtihani wa mswada ulio mkali kuliko huo. Na mkali kuliko wote ni yule mdogo. Mkubwa humsamehe mwandishi, hujiambia huenda ni fumbo. Mtoto hana fumbo. Ukisema jini hawezi kuvuka maji ya chumvi, basi asivuke, hata kama hadithi inamhitaji sana Pemba. (Tumewaharibia kidogo wanafunzi wetu kwa upande huu. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nchi inayoelea angani, lakini kijana huambiwa ni serikali ya kikoloni kabla hajapata hata nafasi ya kujiuliza mvua inanyesha kutoka wapi huko juu.)

Wapo wanaodhani kumwandikia mtoto ni kupunguza: sentensi fupi, zimwi mpole, mwisho wa harusi. Sentensi fupi sawa. Zimwi mpole hapana. Bibi zetu walisimulia mazimwi yanayomeza kijiji kizima na watoto wakalala usingizi, kwa sababu tumbo lilipasuliwa na watu wakatoka hai kabla kibatari hakijazimwa. Mtu mzima unaweza kumwacha humo ndani. Euphrase Kezilahabi alifanya hivyo katika Nagona na Mzingile: msomaji anaingia, anapotea, wala mwandishi haji kumtafuta. Kumfanyia mtoto hivyo ni ukatili.

Sasa hivi nina mzimu unaokaa kisimani. Mswada ulikuwa umefika pazuri hadi nilipousoma kwa sauti pale nyumbani. Wa kidato cha pili anataka kujua nani aliyemdhulumu mzimu huyo, na hilo ninalo. Mdogo ameuliza kama huwa analowa.