Kanzu ya Kila Mwaka

Somo: 1 Samweli 1:21-28 na 2:18-21



Kila Januari hapa Endagikot twaona jambo la kufurahisha. Wazazi huwashika mkono watoto wa miaka mitano, wamevaa sare mpya, wakawapeleka darasa la awali. Lakini baada ya miaka michache, ukiyahesabu majina ya watoto wale wale, mara nyingi utakuta mengine hayamo. Wako wapi?

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1981 hata nilipostaafu, nami najua kwamba si kila jina lililotoka daftarini limepotea. Wako waliohama na wazazi wao, wako waliopelekwa shule za binafsi, na wako wanaokariri darasa baada ya upimaji wa darasa la nne. Habari za hao zajulikana. Ninaowasemea ni wale ambao siku moja hawakuja, na hawakuja tena.

Tusiseme kwamba ni ada. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania awe shuleni ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi. Baadaye ugumu wa uchumi ulirudisha malipo, lakini ada ya shule za msingi ilifutwa tena miaka ya 2001 na 2002, na tangu Januari 2016 haipo mpaka kidato cha nne. Ni kweli kwamba sare, madaftari na chakula cha mchana vyahitaji fedha, na wakati wa mvua makorongo hujaa maji. Lakini iko sababu moja iliyo mikononi mwetu wenyewe.

Mtoto wa miaka mitano hana kazi nyumbani. Akienda shule, mama apata nafasi ya kulima. Akifika miaka tisa au kumi, mvulana aweza kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye mahindi, na msichana aweza kuteka maji na kumbeba mdogo wake. Basi tunampeleka shule akiwa hana faida kwetu, na tunamrudisha akiwa na faida. Hiyo si sadaka, ndugu zangu. Ni kumpa Mungu kile tusichokihitaji.

Mtazameni Hana. Alipomwachisha Samweli kunyonya, alimpeleka nyumba ya Bwana huko Shilo, naye akaenda na ng'ombe wa sadaka. Hana alimtoa ng'ombe pamoja na mtoto. Sisi twamtoa mtoto shuleni kwa ajili ya ng'ombe. Tena Hana hakuishia siku ile ya kwanza. Kila mwaka alimshonea mwanawe kanzu nyingine akampelekea. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mtoto hukua, na kanzu ya mwaka jana haimtoshi. Kanzu ya kwanza kila mzazi huishona kwa furaha. Imani ya Hana yaonekana katika kanzu ya tatu, ya nne na ya tano.

Sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Katika miaka yangu ya kwanza kazini, mvulana mmoja wa darasa la tatu aliacha kuja. Nilipiga mstari mwekundu juu ya jina lake nikaandika "mtoro". Miezi ilipita, nikamkuta malishoni na kundi la baba yake. Ndani ya kundi lile walikuwamo mitamba wangu wawili niliowaweka kwa baba yule awatunze. Mtoto niliyemwita mtoro alikuwa akichunga mali yangu. Nilimsalimu, nikawatazama mitamba wangu, nikaenda zangu. Leo ni mtu mzima, naye huniletea simu yake nimsomee ujumbe. Kila mara naona aibu mbele za Mungu.

Mtu atasema, Daudi naye alichunga. Ndiyo, lakini Samweli alipofika nyumbani kwa Yese hakukubali kuketi mpaka kijana yule aitwe kutoka kwa kondoo. Je, sisi tutaketi mezani pa Bwana kabla hatujauliza ni nani amebaki malishoni?

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, majirani tuchunge kwa zamu, watu wazima, siku za shule. Pili, akina mama wanaoshona sare za watoto wa awali washone pia za watoto wa darasa la tatu na la nne ambao nyumbani kwao hali ni ngumu. Tatu, kila mzee wa kanisa awajue kwa majina watoto wa mtaa wake, na jina likikosekana darasani aende kubisha hodi nyumbani kwao, si kwa kushitaki bali kwa kusaidia.

Mwaka wa pili umefika, mtoto amekua. Tumshonee kanzu nyingine.

Bwana awabariki ninyi na watoto wenu. Amina.