Takhmisi ya Dirisha: Deni la Kimi kwa Rear Window

Makala haya yanadhamiria kulizingatia swali ambalo, ijapokuwa limezuka katika uhakiki wa filamu, kimsingi ni swali la kimaadili: msanii anapoichukua kazi ya mtangulizi wake na kuijenga upya, ni kipi kinachomtenga na mwizi? Jibu la kawaida ni kwamba mwizi huficha alichokitwaa, ilhali mwenye kuenzi hukidhihirisha. Tunashikilia kwamba jibu hili halitoshi, kwani kukiri deni si kulilipa. Deni la sanaa hulipwa pale ambapo kazi mpya inaliuliza tena swali la kazi kongwe, ikalijibu kwa namna inayotulazimu kuirejelea ile kongwe kwa jicho jingine.

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili si wageni wa jambo hili. Katika takhmisi, mshairi huitwaa mishororo miwili ya mtangulizi wake na kuiongezea mitatu yake ili kuupata ubeti wa mishororo mitano. Lisilotiliwa maanani sana ni kwamba mishororo ya mgeni ndiyo inayotangulia. Ndivyo ilivyo katika Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir: maneno ya Liyongo huyafikii ila kwa kupitia kwa mfasiri wake. Basi anayeongeza haiachi kazi ya awali kama alivyoikuta.

Tuitumie mizani hii kuipima Kimi, filamu ya mwelekezi Steven Soderbergh iliyotolewa mwaka wa 2022, dhidi ya Rear Window ya Alfred Hitchcock ya mwaka wa 1954. Katika filamu ya Hitchcock, mpigapicha Jefferies amevunjika mguu na amekwama kwenye kiti cha magurudumu katika nyumba yake mjini New York. Kwa kukosa la kufanya, anawachungulia majirani walio ng'ambo ya ua, hata akashuku kwamba mmoja wao, Thorwald, amemuua mkewe. Katika Kimi, Angela, mkaazi wa Seattle, hawezi kutoka nje kwa sababu ya hofu iliyomwingia baada ya kushambuliwa, kisha ikazidishwa na janga la korona. Yeye pia ana dirisha na majirani. Hata hivyo, uhalifu haumfikii kwa jicho bali kwa sikio. Kazi yake ni kusikiliza rekodi za kifaa cha nyumbani kinachoamrishwa kwa sauti, pale kinaposhindwa kuelewa kilichosemwa. Katika rekodi mojawapo, chini ya kelele za muziki, anasikia sauti ya mwanamke anayedhulumiwa.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kuwa kinatofautisha mambo ambayo filamu hizi zinayachanganya kwa makusudi. Kuona si kutazama, na kutazama si kuchungulia. Hali kadhalika, kusikia si kusikiliza, na kusikiliza si kudukiza, yaani kuyategea sikio kwa siri maneno yasiyokuhusu. Taharuki ya Hitchcock imejengwa juu ya mtelezo huu: Jefferies huanza kwa kuona na kuishia kwa kuchungulia, nasi tulioketi gizani tunateleza pamoja naye. Mwishoni Thorwald anaingia chumbani mwake na kumuuliza anataka nini kwake. Jefferies hana jibu, wala sisi hatuna. Anajitetea kwa mimweko ya taa za kamera, naye Thorwald anamsukuma na kumwangusha dirishani. Filamu inapokwisha, miguu yake yote miwili imo katika plasta.

Soderbergh amelihamisha swali hili. Angela hadukizi kwa utashi wake; ameajiriwa kufanya hivyo. Lililokuwa kosa la mtu mmoja limekuwa kazi ya mshahara, na mwenye dirisha sasa ni kampuni. Kwa hiyo swali si tena iwapo ni halali kutazama. Swali ni hili: aliyekwisha kusikia, je, ana uhuru wa kujifanya hakusikia? Msimamizi wake anamshauri anyamaze. Angela anakataa, na ili aufikishe ushahidi inambidi afanye lile analoliogopa kuliko yote: kuufungua mlango na kutoka.

Hapa ndipo deni linapolipwa. Jefferies hatoki ila kwa kuangushwa. Anayeuvuka ua kwa niaba yake ni Lisa, mpenzi wake. Ndiye anayepeleka barua mlangoni kwa Thorwald, na ndiye anayepanda hadi dirishani na kuingia nyumbani mwa mshukiwa, ilhali Jefferies anatazama kwa mbali akishambuliwa, asiweze kumwauni. Aghalabu tumelisoma tukio hilo kama kilele cha taharuki tu. Baada ya kumwona Angela, asiye na wa kumtuma, tunalazimika kulisoma kama suala la haki: ujuzi wa mmoja umelipiwa kwa mwili wa mwingine. Jambo hili lilikuwamo tangu mwaka wa 1954, ila mishororo ya Soderbergh ndiyo iliyotufikisha kwalo.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuyafumbia macho mapungufu ya Kimi. Kwa kuubebesha wakubwa wa kampuni na wauaji wao uovu wote, filamu hii inamwacha Angela akiwa safi, na mtazamaji pamoja naye. Anapowaua maadui wake kwa mashine ya kupigilia misumari, tunashangilia bila kuulizwa lolote. Hakuna Thorwald wa kutugeukia na kutuuliza tunataka nini. Soderbergh amelijibu swali la mtangulizi wake kuhusu wajibu, lakini amelikwepa lile la hatia.

Yamkini hiyo ndiyo hali ya kila takhmisi: anayeongeza huangaza upande mmoja na kuutia kivuli mwingine. Mhakiki basi asitosheke na kuorodhesha picha zilizoazimwa, kwamba dirisha limetoka huku na darubini kule. Hiyo ni hesabu ya duka. Na aulize iwapo, baada ya kuitazama kazi mpya, ile kongwe imebaki vilevile. Ikiwa imebaki vilevile, basi aliyeazima hajalipa kitu, hata akilitaja jina la mdeni wake kwa heshima iliyoje.