JE, MJI WA KALE HAUISHI ILA KWA ULEVI?

Kuna neno lililozoeleka vinywani mwa baadhi ya wenye nyumba za miji ya kale, nalo ni kuwa mgeni haji pasipo kileo, na aikataaye baa ameikataa riziki. Neno hili tumelipima, tukaona halisimami hata kwa wale ambao pombe kwao si haramu.

Huko New Orleans, Marekani, kuna mtaa wa kale uitwao French Quarter. Ndani yake imepita Bourbon Street, njia iliyovuma duniani kwa mabaa. Hatua chache kutoka hapo, katika St. Peter Street, mwaka 1961 Allan Jaffe na mkewe Sandra walishika ukumbi wa muziki wa jazi, Preservation Hall. Wazee weusi waliokuwa wakiupiga muziki huo walikuwa wamepungukiwa na kazi, kwa kuwa watu wamegeukia mapya. Wazee kama George Lewis, mpiga klarineti, na Sweet Emma Barrett, mpiga piano, wakapata humo pa kula jasho lao. Jumba ni kuukuu, viti ni vichache. Wala vileo havikuuzwa: mtu alilipa apate kusikiliza, basi.

Je, ukumbi ule ulikufa njaa? La. Jaffe alifariki 1987, baadaye mwanawe akaushika. Tufani ya Katrina ya 2005 iliufunga, ukafunguliwa tena 2006. Umepita miaka 60, nao ungali umesimama.

Hatusemi haya kwa kuhalalisha ngoma na zumari. Hukumu ya hayo ina mahali pake. Twasema kwa kuwa hoja ya biashara imejibiwa na wafanyi biashara wenyewe. Aya ya 219 ya Suratul Baqara haikukana kuwa ulevi una faida kwa watu, bali imetufunza kuipima faida hiyo na madhambi yake, ikaonekana nyepesi. Basi itakuwaje ikiwa hata faida hiyo yapatikana pasipo ulevi?

Ewe mwenye nyumba! Kodi ya baa utaila wewe, lakini walevi watapita mlangoni kwa jirani yako, na watoto watokao chuoni watawaona. Jumba la babako likodishe kwa mwenye mkahawa, au kwa fundi achongaye milango, au kwa wageni wa kulala. Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu, si chupa.